Mgawo wa Waliofutwa

Jumanne moja ya mwezi wa Shaabani, Bi Mwanamkuu alirudi kutoka duka la ushirika la Kanyenye ameushika mfuko wa sukari kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu amshikie kidogo. Hakuupeleka jikoni. Aliuweka katikati ya mkeka, akaenda kukaa mbali nao, akawa anautazama.

Mkwe wake, Zamda, ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Alivua viatu, akaamkia, akapata marahaba isiyo na nguvu.

"Mama, kuna nini?"

"Uinue huo mfuko."

Zamda aliuinua. Mwaka ule wa themanini na nne kila mtu wa Tabora alikuwa na mizani kiganjani. Sukari ilikuwa nusu kilo kwa kichwa kwa mwezi, na hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kukuambia, kwa kupima na mkono tu, kwamba muuzaji amekupunja vijiko vitatu. Nyumba yao ilikuwa na vichwa vitatu: Omari fundi viatu, Zamda mkewe, na Bi Mwanamkuu mama yake Omari. Kilo moja na nusu, basi. Ule mfuko ulikuwa na kilo mbili.

"Wamekosea kupima."

"Ndivyo nilivyomwambia yule kijana wa dukani. Akanionyesha karatasi. Akasema, 'Bibi, hapa mko wanne, na mimi siwezi kubishana na kompyuta. Ukikataa cha mtu wa nne, mimi nitaandika nini?' Na watu nyuma yangu wananisukuma, bibi chukua utupishe, bibi jua linatuchoma. Nikachukua." Bi Mwanamkuu aliutazama mfuko. "Nikamwomba anisomee huyo wa nne ni nani."

Zamda alibaki amesimama na mfuko mkononi.

"Mwamvita," mama mkwe wake akasema. "Mwamvita Omari. Miaka mitano."

Mwamvita alikuwa amekufa kwa surua mwaka juzi. Alikuwa na miaka mitatu.


Kompyuta ya Ofisi ya Mgawo ilikuwa moja tu mjini, na iliheshimiwa kuliko wakubwa wengi. Ilikuwa na chumba chake, feni yake na pazia lake, na jioni ilifunikwa kitambaa cha kufuma kilichotolewa na mke wa mkubwa mmoja. Wazee walioingia chumbani humo walivua kofia. Mmoja alipata kuiamkia.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya tembe la zamani, nyumba ya udongo yenye kuta nene, kwenye ile njia ya misafara. Ilisemwa kwamba hapo ndipo wapagazi walipohesabiwa kabla ya kuondoka kwenda pwani, na ndipo walipohesabiwa tena waliporudi, na kwamba hesabu hizo mbili hazikuwahi kulingana hata mara moja.

Zamda ndiye aliyeiendesha. Alikuwa amefunzwa miezi mitatu Dar es Salaam, na kwa muda mrefu yeye na mashine walielewana. Kisha makao makuu yakaamua kwamba kompyuta za mikoa yote zitumie mfumo mmoja mpya wa kuendeshea, ili mikoa ilingane. Wiki iliyotangulia ilishuka kwenye garimoshi suruali iliyopigwa pasi ikawa kama kisu, na ndani yake fundi aitwaye Anselm, na sanduku la diski. Anselm aliutoa mfumo wa zamani, akaweka mpya, akala wali kwa maharage mara mbili, akaondoka na garimoshi la jioni. Alichoacha nyuma ni mashine ileile yenye tabia za mtu mwingine.

Mfumo wa zamani haukujali leo ni lini. Huu mpya uliuliza tarehe kila asubuhi kabla ya kukubali kazi yoyote, kama askari wa lindo. Wa zamani ulielewana na printa, lile dude zito la chuma lililokuja nao siku moja. Huu mpya haukuelewana nalo kabisa. Kila baada ya jina na jina, printa ilichapa safu ya alama ambazo hakuna aliyeziandika, vijiti na nyota na vichwa vya herufi visivyo na miguu. Na umeme ulipokatika ukarudi, printa ilianza yenyewe, tak-tak-tak, ikachapa jina moja au mawili kabla Zamda hajavuta kiti. Kisha ikanyamaza, kana kwamba imekumbuka kwamba hakuitwa mtu.

Orodha ya mwezi ilitakiwa haraka. Zamda aliichapa vivyo hivyo na vijiti vyake, akaipeleka dukani bila kuisoma. Nani angesoma nyumba elfu mbili na mia sita?

Sasa, Jumatano asubuhi, aliijibu mashine tarehe yake, akaitafuta nyumba ya Omari Saidi. Herufi za kijani zikajipanga. Mistari minne. Mstari wa nne ulisema: Mwamvita Omari, wa kike, miaka 5.

Aliitazama ile tano kwa muda mrefu. Mfumo wa zamani uliacha umri ulivyoandikwa. Huu mpya ulichukua tarehe ya kuzaliwa, ukachukua tarehe ya leo, ukapiga hesabu. Mahali fulani ndani ya lile sanduku, nyuma ya feni na pazia, mwanawe alikuwa anaendelea kukua.


Laini ya Dar es Salaam ilipatikana baada ya saa mbili.

"Dada Zamda! Hujambo? Wali wa huko bado naukumbuka."

"Ndugu Anselm, mashine inatoa marehemu."

Simu ilikoroma. "Inatoa nini?"

"Marehemu. Waliokufa, wote tuliowafuta tangu themanini na moja. Wamerudi kwenye orodha. Wamepewa sukari."

"Aaa," Anselm akasema, kwa sauti ya daktari aliyeambiwa mgonjwa ana mafua. "Hawajarudi, dada. Hawakuwahi kuondoka. Ule mfumo wa zamani ukiuambia futa, haufuti. Unamwekea mtu alama ndogo mbele ya jina lake, halafu kila ukipita hapo unaona alama, unamruka. Huu mpya hauijui ile alama. Unasoma watu wote."

"Kwa hiyo miaka yote hii walikuwa humu?"

"Humohumo. Wametulia tu."

Zamda aliigeukia mashine. Feni ilikuwa inazunguka polepole. "Nifanyeje?"

"Wafute upya, mmoja mmoja, kwa amri mpya. Ukimaliza, uibane orodha. Ukishabana, nafasi zao zinazibwa. Hapo hata mimi siwezi kuwatoa tena."

"Na nisipofanya hivyo?"

"Basi watakula," Anselm akasema, akacheka, na laini ikakatika katikati ya kicheko.

Zamda aliwahesabu. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Wa kwao, Mwamvita, hakuwa amemfuta yeye. Mwenzake wa wakati ule, Eustadia, alimfuta kwa huruma Zamda akiwa bado msibani, ili akirudi kazini asikutane na lile jina. Aliporudi alikuta mistari mitatu na hakuna aliyesema neno.


Hapo ndipo mji ulipofanya kosa ambalo hakuna ofisa aliyelitazamia. Wizi wangeujua. Ulanguzi wangeujua hata usiku wa giza. Mwaka uliopita walikamatwa watu kwa doti tatu za kanga. Lakini sukari ile hakuna aliyeila na hakuna aliyeiuza.

"Hii ina mwenyewe," Bi Mwanamkuu alisema, akaitenga ile nusu kilo kwenye bakuli la peke yake. "Sisi tukiila tumekula haki ya mtoto. Na tuko Shaabani. Ataka nini tena huyu, kama si sadaka yake?"

Alikaanga visheti, akavimiminia sukari, akavipeleka madrasa. Hakumuuliza mtu. Lakini njiani alikutana na jirani mwenye sinia la kashata, na kwenye kona wakakutana na mwingine mwenye ndoo ya uji, na hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Kila nyumba iliyopata cha ziada ilikuwa imefikia uamuzi uleule, kila moja kwa siri, kila moja ikidhani ni peke yake.

Kufikia Alhamisi Kanyenye yote ilinuka sukari iliyoungua. Mwalimu wa madrasa alifunga masomo mapema kwa sababu hapakuwa na mkono usionata wala juzuu isiyonata. Kwa kuwa kila sinia lilikuja na jina la mwenyewe, ili dua ifike, watoto walijua wanakula cha nani, wakawa wanaulizana mitaani kwa sauti kubwa:

"Wewe umekula cha nani?"

"Cha marehemu Ngollo!"

"Mimi cha wawili! Mtu na mkewe!"

Zamda alipita katikati yao akienda kazini, amejifunga kanga hadi kidevuni. Kisichana kimoja, chenye pengo la meno ya mbele, kilimkimbilia kikamshika kidole.

"Shikamoo Mama Mwamvita. Mimi nimekula cha Mwamvita."

"Marahaba." Sauti yake ilimtoka mbali. "Una miaka mingapi wewe?"

"Mitano. Kilikuwa kitamu. Mwambie ahsante."

Kikakimbia zake.

Kwenye dirisha la ofisi, linalotazama njia ya misafara, kulikuwa na foleni. Wanawake peke yao, na hakuna aliyebeba mfuko wala chombo. Wa kwanza alikuwa Paskazia, muuza karanga wa stesheni.

"Binti, sikuja kwa sukari. Nimekuja unitazamie mume wangu. Lazaro."

Zamda angeweza kusema hairuhusiwi. Aliandika jina.

"Yupo, mama."

"Miaka mingapi sasa?"

"Sitini na mmoja."

"Aliondoka na hamsini na tisa." Paskazia alitikisa kichwa taratibu. "Amezeeka kidogo. Na nyumba? Ameandikwa nyumba gani?"

"Yako."

"Hebu tazama vizuri. Hayuko kule Cheyo, kwa yule mwanamke mwenye cherehani?"

"Hayuko, mama. Yuko kwako tu."

"Ala!" Foleni nzima ikacheka, na Paskazia naye akacheka, huku machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. "Basi huko aliko ametulia. Nashukuru, binti. Mwingine aje."


Saa nne Ndugu Lugembe, mwenyekiti wa Kamati ya Mgawo, aliwasili na faili chini ya kwapa. Nyuma yake alikuja Mzee Mabruki, balozi wa nyumba kumi wa mtaa wa kina Zamda, aliyeitwa aje kutoa maelezo na ambaye kwa shughuli hiyo alikuwa amevaa koti.

Lugembe alisubiri dirisha lifungwe. Hakukaa.

"Kata ya Itetemia haijapata sukari. Hata punje. Gunia la mwisho liliishia kwa watu wa Kanyenye. Zimepotea kilo mia moja na saba, Ndugu Zamda. Nani kala?"

"Watoto wa madrasa, Ndugu Mwenyekiti."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya wenyewe," Mzee Mabruki alidakia.

"Wenyewe akina nani?"

"Marehemu."

Lugembe alimtazama balozi kama anayetafuta mahali pa kumshika. "Mzee, hili si jambo la mzaha. Hii inaitwa hujuma."

"Simfanyii mtu mzaha, Mwenyekiti. Wewe ulikuwepo wakati wa Operesheni, tulipowahamishia watu vijiji vipya. Walibeba vyungu, wakabeba kuku, wakaacha makaburi. Hii mashine yenu nayo imehamishwa. Tofauti ni kwamba yenyewe imehama na makaburi yake. Sasa mimi ningefanya nini? Karatasi ya serikali inasema huyu mtu yupo. Nimbishie?"

Feni ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika. Wote watatu, katika lile joto lililoshuka ghafla, wakasikiliza watoto kwa mbali wakitaja majina. Kisha feni ikashtuka, ikaanza kuzunguka, na printa ikaamka yenyewe pembeni. Tak-tak-tak. Mstari mmoja. Safu ya vijiti na nyota. Kimya.

Aliyekuwa karibu nayo ni Lugembe. Aliinama kusoma, na akakaa vile, ameinama, muda mrefu kuliko urefu wa mstari.

NYAMIZI MAYALA, NYUMBA YA LUGEMBE, MIAKA 78.

"Nani ameiambia ichape hili?"

"Hakuna, Ndugu Mwenyekiti. Haielewani na mfumo mpya."

"Kati ya watu wote hao?"

Lugembe alinyoosha mgongo. Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza akauliza kama mtu na si kama kamati: "Na cha mama kilichukuliwa?"

Zamda alifungua karatasi za duka. "Kimesainiwa na Josepha."

Josepha alikuwa mke wa Lugembe. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Jana kulikuwa na uji nyumbani," alisema. "Mtamu sana. Majirani walikuja na vikombe. Nikanywa mabakuli mawili."

Mzee Mabruki alitazama dari.

"Orodha ya Ramadhani," Lugembe akasema, akiivaa miwani na sauti yake ya kwanza kwa pamoja, "iwe juu ya meza yangu kesho Ijumaa saa sita mchana. Iwe na watu walio hai tu. Akibaki mmoja asiyestahili, hata mmoja, Ndugu Zamda, utasimama mbele ya kamati kama mhujumu, na mimi sitaweza kukusaidia. Hata nikitaka."

Mlangoni aligeuka. Ile karatasi ya printa alikuwa ameichana, ameikunja mara nne, na hakuna aliyemwona anaitia mfukoni, ingawa wote wawili walikuwa wanamtazama.


Alasiri ile Omari alifunga kibanda chake mapema. Alimkuta mkewe ameketi kwenye mkeka bila kazi mikononi, jambo ambalo hakuwa amelizoea.

"Nimesikia. Futa, Zamda. Yaishe."

"Nitafuta mia mbili na kumi na watatu."

Omari alikaa. Tangu msiba alikuwa ameacha kumwita Mama Mwamvita. Mji mzima ulimwita hivyo isipokuwa yeye. "Na huyo mmoja?"

"Mstari mmoja, Omari. Nani atauona katika maelfu?"

"Wataona. Watakufunga kwa ajili ya nusu kilo."

"Ana miaka mitano. Mwakani ataandikwa sita. Unajua? Mimi sifanyi kitu, naandika tarehe tu asubuhi, na yeye anaongezeka."

"Hayupo mle ndani."

"Kwako wewe ni rahisi kusema. Wewe ulikwenda."

"Nilikwenda wapi?"

"Makaburini. Mlimtoa saa saba mchana, mlango mkaufunga wanaume, mimi nikabaki na mama na wanawake tunatazama mgongo wa mlango. Mlirudi mkasema tayari. Tayari nini? Ulimshusha wewe mwenyewe, ukamtilia udongo kwa mkono wako mara tatu. Mimi sijui ni mahali gani, sijui ni kina kipi. Nilirudi kazini nikakuta mistari mitatu. Hata huko alinitangulia mtu."

Mikono ya Omari, yenye gundi nyeusi kwenye kucha, ilikaa juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine. Alikuwa hajawahi kumsimulia. Alidhani anamwepushia.

Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni, na haikujulikana tangu lini.

"Itetemia," alisema, "kuna mtu ana mtoto wa miaka mitano. Anaumaliza mwezi mzima kwa chai ya chumvi, kwa sababu sehemu yake mmempa wetu. Mjukuu wangu hakuwa mlafi."

Zamda aliinamisha kichwa. "Sitaweza, mama. Nimejaribu leo. Niliweka kidole kwenye kitufe, kikakataa. Na si yeye tu. Wote wale. Paskazia na Lazaro wake. Nimfute vipi Lazaro, nami nimemwonyesha asubuhi?"

"Kwani nani kakuambia umzike mtu wa Paskazia?" Bi Mwanamkuu alikuwa tayari anajitupia buibui lake la kutokea. "Unataka kuzika mji mzima peke yako, mwanangu? Mashine ile iko chini ya ardhi?"

"Iko mezani."

"Ina mlango wa wanaume tu?"

"Haina."

"Basi," Bi Mwanamkuu akasema, akatoka kwenda nyumba ya kwanza.


Ijumaa saa mbili asubuhi wanawake walilijaza lile tembe. Walikuja wenye buibui na wenye rozari, wa Kanyenye na wa ng'ambo ya reli, na mmoja aliyetembea kutoka upande wa Isikizya kwa sababu marehemu wake alikuwa ameandikwa kwa dada yake mjini. Hakuna aliyesema kwa sauti. Walipanga viatu vyao nje ya mlango.

Wanaume waliofuatana nao walibaki barazani. Hakuna aliyewakataza kuingia. Walifika kizingitini wakakuta hakuna nafasi, wakarudi nyuma hatua mbili, wakasimama ukutani, wasijue mikono waiweke wapi.

Zamda aliandika tarehe. Alibandika kipande cha plasta nyeupe kwenye kitufe cha ndiyo, ili asiyejua herufi asipotee. Kisha akaita jina la kwanza.

Ikawa hivyo: yeye akisoma jina na umri, mwenyewe anajongea, anasema neno lake kimyakimya au hasemi, anabonyeza. Mashine iliuliza mara ya pili, kila mara, na Zamda hakuona haja ya kuwatafsiria, walibonyeza tena. Mstari ulizimika. Paskazia alimwambia Lazaro wake kitu kwa Kinyamwezi kilichowafanya waliokuwa karibu wazibe midomo. Josepha wa mwenyekiti alimbonyezea mkwe wake kwa kidole gumba, kwa heshima, kama mtu anayetia saini. Wengine walibonyeza kwa kiganja kizima. Binti mmoja alitaka kujua kama marehemu anasikia maumivu, na hakuna aliyemcheka.

Saa nne na nusu Zamda aliita jina ambalo halikuitikiwa. Masolwa, mpagazi. Miaka mia moja na mitatu. Hakuwa na nyumba. Aliandikwa kwa anwani ya lile tembe lenyewe. Aliita mara ya pili. Wanawake walitazamana, na katika kimya kile printa ilijichapia pembeni nusu ya alama, ikaacha.

"Huyu ni wa nani?"

"Wetu," Paskazia alisema, akarudi mezani, akabonyeza. Na kwa kuwa hakutaka awe peke yake, mwingine aliweka mkono juu ya mkono wake wakati wa swali la pili.

Saa tano na robo ulibaki mstari mmoja.

Zamda alikuwa ameuruka tangu mwanzo, na wote walijua, na hakuna aliyeondoka. Bi Mwanamkuu alivuta kigoda akaketi ubavuni kwake. Herufi za kijani zilitetemeka kidogo, kama kawaida yake.

"Soma," bibi akasema.

"Mwamvita Omari," Zamda alisoma. "Wa kike. Miaka mitano."

"Mitatu," bibi akasema.

Zamda aliinua uso. "Mitatu," akasema.

Akabonyeza. Mashine ikauliza swali lake la pili, na kidole chake kikabaki hewani.

"Kwani inasemaje huyu?" Bi Mwanamkuu aliuliza. "Asubuhi nzima inasema kitu hapo."

"Inauliza kama nina hakika."

Bibi aliitazama ile mashine kwa macho makavu, uso kwa uso, kama anavyotazamwa mgeni aliyeuliza jambo lisilomhusu. Kisha akaweka kiganja chake chepesi juu ya mkono wa mkwewe.

"Ijibu. Sisi tuna hakika. Ni hii mashine ndiyo haikuwa nayo."

Mkono wa juu haukusukuma. Ulikaa tu. Wakabonyeza.

Mstari ukazimika. Zamda hakungoja, alitoa amri ya kubana, na mbele ya wanawake wote orodha ikatikisika, ikaanza kupanda, nyumba ya chini ikisogea juu kuziba pengo, na iliyo chini yake ikiifuata, jina baada ya jina, hadi chini kabisa. Kisha pakatulia. Alitafuta nyumba ya Omari Saidi akakuta mistari mitatu. Aliitazama mpaka alipotosheka.

Wanawake walitoka wakitafuta viatu vyao. Barazani wanaume walipisha njia, na Mzee Mabruki, ambaye alikuwa amevua koti, alisema "Poleni," na wengine wakaipokea, "Poleni, poleni," wakiwa wameinamisha macho. Ndugu Lugembe alikuwa miongoni mwao, faili chini ya kwapa. Hakuuliza orodha.

Omari alikuwa amesimama peke yake karibu na bomba, na ndoo ya maji na kata. Hakuna aliyemtuma. Mkewe alipofika alichota, akamwagia mikononi, pole pole, kama wanavyomwagiwa wanaotoka kuzika.

"Ni upande wa kuume ukiingia," alisema, bila kuacha kumimina. "Mstari wa nne. Kina chake kilinifika kifuani. Nilimweka mimi mwenyewe, Mama Mwamvita. Sikumpa mtu."

Zamda aligeuza viganja, maji yapite na upande wa pili.

"Endelea," akasema.